Mzungu au Mwenyeji?

Themi, Arusha
Alhamisi, alasiri

Komredi Elifuraha, pamoja na makomredi wote mtakaoinama juu ya bega lake kuisoma barua isiyokuwa yenu,

Nawasalimu kwa jina la mapambano ambayo hayajamalizika, na ambayo mimi mwenyewe, kama mtakavyoona, nimewahi kuyapigana nikiwa upande wa adui.

Mwanangu, nisamehe kwa kuanza kama mtu aliyepanda jukwaani. Sijui kuanza kwa namna nyingine. Ni saa kumi sasa, na nimeinuka kwenye kiti hiki mara tano. Mara moja nilikwenda kufunga dirisha ambalo lilikuwa limefungwa tayari. Uani shangazi yako anagombana na sanduku lako. Namsikia anasema, "Wekeni na kiberiti." Mdogo wako anamjibu, "Shangazi, kwenye ndege hawaruhusu kiberiti." Naye anang'aka: "Sasa huko jiko atawasha na nini? Na Kijerumani?" Wanacheka wote, nawe unacheka, na mimi huku ndani naandika.

Kwa hiyo habari za soksi, za sweta na za kula vizuri nimemwachia shangazi. Nina jambo jingine.

Jana ulipokuwa unapiga pasi uliniuliza: "Mama, kila mtu ananiambia huko kuna ubaguzi wa rangi. Nitaujuaje?" Nikakuhutubia. Nilianza na ukoloni, nikapita kwa makaburu, nikamalizia na mfumo wa uchumi wa dunia, kidole kikiwa juu. Ulinisikiliza kwa adabu, kama mtu aliyejibanza kibarazani akisubiri mvua ipite. Kila nilichosema kilikuwa kweli, lakini jibu lote lilikuwa la uongo, kwa sababu katika historia yote ile ndefu nilimtaja kila mtu isipokuwa mimi.

Keshokutwa, Jumamosi, wafanyakazi wa hoteli yetu watakaa kikao juu ya Loti, mlinzi wa getini, ambaye amefukuzwa kazi wiki iliyopita kwa kosa la kubagua wageni. Kosa lile ni langu. Wenzetu wengine wanahisi, na mkurugenzi amechagua kusahau, lakini wanaojua kwa ushahidi ni Loti na mimi tu. Sasa na wewe. Nikilisema jambo hili mbele ya watu, huenda nikarudi nyumbani bila kazi, na kila aliyewahi kuniita mwanamapambano atakuwa na haki ya kulimeza neno lake. Nisiposema, baba wa watoto watano atazeeka na jina la mbaguzi lililoandikwa kwa mkono wangu. Nimeamua kusema. Lakini nimewahi kuamua mambo mengi mazuri siku ya Alhamisi.

Acha nianze mbali kidogo.

Nilipokuwa chuo kikuu, nilikuwa moto. Nilipanda juu ya meza za bwalo la chakula na kuhutubia huku wenzangu wakipiga sahani kwa vijiko. Hapakuwa na kaburu aliyelala usingizi, kwa imani yangu, nilipokuwa nazungumza. Sasa katika mkutano mmoja, msichana aitwaye Yasmin alisimama kuunga mkono azimio letu. Yasmin alizaliwa hapa hapa Arusha. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa mjini. Kabla hajamaliza sentensi ya pili nilimkatiza kutoka juu ya meza: "Keti chini, wewe wa dukani! Unataka kutupimia mapambano kwa yadi?"

Bwalo lilipasuka kwa kicheko. Yasmin aliketi. Nakiri mbele yako, nilisikia raha ambayo sijapata kuisikia tena. Azimio nililokuwa nimelishika mkononi, nusu yake aliiandika yeye. Hakusimama tena katika mkutano wowote hadi tulipohitimu, na mimi sikumwomba radhi, kwa sababu nilijiambia kuwa ulikuwa utani, na kwamba aliyetawaliwa hawezi kumbagua mtu. Siku hizi nikiwasikia wanasiasa wetu wanavyolitamka neno uzawa, na watu wanavyoshangilia, nasikia kicheko cha bwalo lile. Ubaguzi haukunipita nisiuone, Elifuraha. Uliketi mapajani mwangu, na baada ya mkutano nilikuwa nampiga Yasmin mgongoni na kumwambia asinune.

Uchumi ulipofunguliwa, wewe ulikuwa mdogo. Mashamba makubwa yakapata wamiliki wapya, magari ya watalii yakajaa mji, na mimi, mwalimu wa historia wa sekondari, nikaacha chaki na kwenda kuwa msimamizi wa mapokezi katika hoteli ya chini ya Mlima Meru. Mkurugenzi wetu ni mzungu mpole. Namsema kwa haki: hajawahi kunipandishia sauti. Mwezi wangu wa pili kazini aliniambia, "Ningependa wageni wetu wajisikie salama wanapoingia." Basi. Hakutaja rangi ya mtu. Aliyekwenda ofisini, akaketi mbele ya taipureta na kutafuta maana ya neno salama, alikuwa mama yako.

Niliandika hivi: wageni kutoka nje wapite bila kusimamishwa, wenyeji waulizwe shida yao, waandike majina, mizigo yao ikaguliwe, nao wasubiri kwenye benchi hadi mapokezi itakapotoa ruhusa. Tazama ufundi wake. Hamna neno mweusi wala neno mweupe. Hata mahakama ingeisoma na kusinzia. Nilimkabidhi Loti ukurasa ule, akausoma taratibu, kisha akaniuliza swali ambalo lingetosha kuniamsha kama ningekuwa na masikio.

"Madam, huyu mwenyeji nitamjuaje kabla hajasema?"

"Loti, usijifanye hujui. Utamwona."

Mapokezini nako niliwafundisha vijana wangu kwa mtindo huo huo. Likishuka gari la watalii, wote mstari mmoja, taulo baridi, juisi ya pasheni, "Jambo, karibuni sana!" Akija mtu wa rangi yetu, hata awe na tai, salamu tunaanza na, "Nikusaidie nini?" Sisi, Wameru, ambao mtu akija kuomba moto tu humwuliza kwanza habari za mama yake, za ng'ombe wake na za mgomba ulioangushwa na upepo, tulijifunza kumwuliza mwenzetu shida yake kabla ya kumsalimu! Wala hakuna aliyeona ajabu. Tuliiita huduma ya kimataifa.

Siku moja mkurugenzi aliniambia, "Wewe si kama wengine." Niliileta sifa ile nyumbani kama mtu aliyeleta nyama. Baba yako aliweka kijiko chini.

"Wengine ni nani?" akauliza.

"Ni wafanyakazi wengine tu."

"Mimi nimo?"

Nikamwambia asiniharibie chakula.

Sasa nakuja kwenye siku unayoikumbuka. Ulikuwa na miaka kumi na minne, zilibaki wiki mbili upate kipaimara. Babu yako alishuka nawe kutoka Nkoaranga kwenda kuchukua gauni lako jeupe kwa fundi, na kwa kuwa furaha ilimzidi, akasema mpite kazini kwangu mkanionyeshe. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani.

Simu ya getini ililia mezani kwangu.

"Madam, kuna mzee hapa, yuko na mtoto."

Sikiliza nilivyouliza. Sikusema, mzee gani? Sikusema, anaitwa nani, ametoka wapi, mtoto ana nini? Nilisema:

"Mzungu au mwenyeji?"

"Mwenyeji."

"Asubiri."

Mlikaa kwenye benchi lile zaidi ya saa nzima. Mfuko ulikaguliwa, na gauni lako likatolewa na kukunjuliwa juani. Najua kwamba Loti aliosha mikono kwanza, kwa sababu uliniambia. Kisha gari la wageni likapiga honi, nami nikatoka na sinia la taulo. Nikawaona. Baba yangu alisimama. Alivua kofia, akatengeneza koti, akasimama wima kama asimamavyo mzee anayejua kwamba mwanawe anakuja kumwamkia, na jibu lake tayari liko mdomoni. Mimi nikampita. Nikapita mbele yake, karibu kiasi cha kugusa mkono wake, nikaenda dirishani mwa gari na kusema, "Jambo! Karibuni sana!" kwa watu ambao sikuwahi kuwaona maishani mwangu.

Nyuma yangu nikamsikia akisema, kwa sauti ya chini, "Hujambo, mwanangu."

Yeye ndiye aliyenisalimu. Baba yangu. Hata sasa nimeinuka tena kwenye kiti.

Jioni ile ukaniuliza, "Mama, mbona hukumwamkia babu?" Nikakujibu, "Kazini si nyumbani." Ulikubali, au ulinyamaza; mtoto akinyamaza mzazi huhesabu kwamba amekubali. Jumapili iliyopita nilipanda Nkoaranga peke yangu, baada ya miaka sita, kumwomba radhi. Nilijiandaa njia nzima, mlima wote ule, na hotuba ilikuwa nzuri. Alinisikiliza, akachokonoa moto, halafu akasema, "Mimi miaka yote nilijiambia siku ile ulikuwa unaumwa jino." Akacheka. Mimi nikalia, akakasirika, akaniambia nisimwagie machozi kahawa aliyoanika.

Unaona alichokifanya? Alinitungia jino bovu ili asilazimike kujua. Ndivyo watu wengi wanavyoishi na jambo hili. Anayetendewa hutafuta sababu nyingine: labda amechoka, labda hakuniona, labda nilivaa vibaya. Anayetenda naye anazo sababu zake, tena zimepigwa chapa. Na wewe huko utajitungia meno mengi mabovu, mwanangu, na mengine yatakuwa kweli, maana si kila asiyekusalimu anakubagua. Sitaki uishi ukiwinda kila uso. Tazama tu mpangilio. Nani hupokelewa na nani huhojiwa. Nani husubiri bila kuambiwa anasubiri nini. Nani hutakiwa kuthibitisha kwamba ameruhusiwa kuwa pale aliposimama. Ukiona mpangilio unajirudia, na wanaosubiri wanafanana, basi huhitaji tusi. Tusi ni la wasiokuwa na utaratibu.

Na wakikuambia kwamba wewe si kama wengine, uliza swali la baba yako.

Lakini hayo ni mepesi. Utakapofanyiwa wewe, utaujua haraka. Ngozi itakuambia kabla ya akili. Wasiwasi wangu uko kwingine. Unakwenda kuwa muuguzi. Siku moja utakuwa wewe uliyeshika simu, umechoka, foleni ni ndefu, na mtu atakuambia kuna mgonjwa mlangoni. Nataka usikie sauti yangu ikiuliza lile swali, na uogope.

Nimalizie la wiki iliyopita, kisha nikuachie uende ukasuke nywele.

Mhandisi mmoja kutoka Dodoma alikuwa na chumba chake kwetu. Jina lake lilikuwa katika orodha yangu tangu asubuhi. Gari lake likaharibika barabara kuu, akapanda kwa miguu, viatu vimejaa vumbi. Loti akapiga simu. Nikauliza nilichozoea kuuliza. Nikajibiwa. Nikasema asubiri. Alipoingia hatimaye mapokezini hakupiga kelele, na ningeshukuru angepiga.

"Mama, nimekaa kwenye benchi nikayatazama magari matatu yakipita," alisema. "Nani aliandika utaratibu huu?"

"Nitafuatilia," nikasema.

Nitafuatilia! Mimi niliyewatikisa makaburu kutoka juu ya meza ya bwalo!

Mhandisi akamwandikia mkurugenzi barua ya malalamiko, na kueleza kwamba nakala atapeleka gazetini. Siku ya pili mkurugenzi akaandaa barua ya kumfukuza Loti, kwa Kiingereza, akanipa niiweke katika Kiswahili. Nikaiweka. Niliandika: uongozi hauvumilii ubaguzi wa aina yoyote. Nilitafuta neno lililo bora zaidi ya hauvumilii, sikulipata. Kisha nikaibeba mwenyewe hadi getini.

Loti aliisoma taratibu, kama alivyosoma ukurasa wangu wa kwanza.

"Hapa wameandika nimebagua."

"Ndivyo uongozi ulivyoona, Loti."

"Na wewe, Mama Eli, umeonaje?"

Nikatazama barabarani kana kwamba kuna gari linakuja. Hapakuwa na gari. Akaikunja barua mara nne, akaitia mfukoni.

"Ile karatasi yako ninayo nyumbani," akasema. "Ina saini yako. Lakini usihofu, sitaitoa. Mtoto anasafiri, tusimharibie safari yake."

Mtoto huyo ni wewe, Elifuraha. Mtu niliyemnyang'anya kazi na jina alikuwa amesimama getini akilinda safari yako dhidi ya aibu yangu. Tangu siku ile sikai mahali. Napika naunguza, nalala naamka, naanza sentensi namalizia nyingine. Ulidhani ni kwa ajili ya kuondoka kwako, ukanikumbatia jikoni juzi ukasema, "Mama, nitarudi." Sikuwa na ujasiri wa kukuambia kwamba nusu ya machozi yale hayakuwa yako.

Leo asubuhi niliposema nakwenda sokoni, nilikwenda Kikwe. Nilimkuta Loti anapalilia mahindi. Nikamwambia aje kikaoni na ile karatasi, na kwamba nitaisoma mwenyewe mbele ya wote, mstari kwa mstari, na saini.

"Utafukuzwa," akasema.

"Najua."

"Jembe unalo? Maana hapa mstari mmoja ni mrefu, na wewe mikono yako ni ya taipureta."

Tukacheka kidogo, kwa aibu. Mke wake hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, akanipima kwa macho tangu kilemba hadi viatu, akasema, "Mama Eli, hayo unayasema leo kwa sababu mwanao anaondoka na moyo wako ni laini. Kesho akishapaa, utakumbuka kazi yako." Nilitaka kumhutubia. Kidole kilikuwa tayari kimeanza kupanda. Nikakishusha, kwa sababu hakuniamini na ana haki ya kutoniamini. Hata mimi, nilipokuwa narudi, nilijikuta natunga sentensi yenye maneno kama kwa mazingira ya wakati ule na kwa nia njema, nikasimama katikati ya njia na kujikemea kwa sauti, mpaka mwenye baiskeli akashuka kuniuliza kama naumwa.

Ndiyo sababu naiandika barua hii, na ndiyo sababu nitakukabidhi kesho mlangoni mwa uwanja wa ndege, ukiwa umeshageuza mgongo. Hotuba nilizowahi kutoa zilikuwa za kuwasukuma watu wengine mbele. Barua hii ni ya kunizuia mimi nisirudi nyuma. Ukishaisoma huko angani, sitaweza tena kuwa mama asiyejua. Nimekupa haki ya kunidai jibu, nawe uitumie. Jumapili ukipata simu, usiniulize habari za mvua wala za ng'ombe. Niulize kama nimesema. Nikianza kueleza mazingira, kata simu.

Huenda utanichukia kidogo ukiwa juu ya mawingu. Nichukie, lakini usinitungie jino.

Nakupenda kwa hasira na kwa fahari, kama nilivyojaliwa kupenda.

Mama yako

Tangazo kwa wanamapambano wote: kikao cha wafanyakazi kitafanyika Jumamosi hii, saa nne kamili asubuhi, katika ukumbi wa usharika, Kikwe. Ajenda ni moja: kufukuzwa kwa ndugu Loti. Msemaji wa kwanza ni aliyeandika karatasi.